Zamu ya Petroli, Zamu ya Gesi

Kaka yangu ni mtu wa vikao. Hata akitaka kununua kijiko, ataitisha kikao. Kwa hiyo siku aliyoamua kumhamisha mama, alituita mimi na mama mwenyewe sebuleni kwa mama, Matrah, mji wa bandari, akakaa juu ya kiti cha marehemu baba, akasafisha koo, akaanza kwa bismillahi utasema anaozesha mtu. Mama sasa ni mtu mzima, alisema. Anaishi peke yake. Uchochoro wenyewe mwembamba, gari haifiki mlangoni. Na ile mvua ya mwaka uliopita, umeme ulipokatika, mama alikaa kutwa nzima kwenye joto, simu imezima, na sisi watoto wake hatujui kama yu hai au vipi.

"Khalas, mama, yamekwisha," alimaliza. "Nyumba yangu ina nafasi. Chagua chumba unachokitaka."

Mama alikuwa akichambua mchele, na hakuinua uso. "Nyumba yako ina geti linalojifungua lenyewe," alisema. "Mie siwezi kukaa kwenye nyumba ambayo mlango wake hauulizi nani."

Kaka alikuwa na haki, na hakuna kitu kinachonikera kama kaka yangu akiwa na haki. Nitasema wazi kwamba niliogopa huku na huku. Niliogopa mama abaki, siku moja tuje tumkute ameanguka. Na niliogopa ahame, kwa sababu mama nje ya nyumba ile simjui. Ukimchukua kwa wiki moja tu, anakuwa mgeni mwenye adabu, anashukuru kila kikombe cha chai, na moyo unakuuma. Basi nikasema, ikiwa tatizo ni umeme, tutafute umeme. Tununue jenereta.

Kaka alifurahi kuliko nilivyotarajia, maana anapenda vitu vyenye vifungo. Lakini hakukubali bila kuweka sharti. Alisema mama ataiendesha mwenyewe. Umeme ukikatika tena, akaiwasha bila ya sisi na ikamtosha, atakaa kwake. Akishindwa, anahamia kwa kaka, na maneno yameisha.

"Shahidi nani?" mama aliuliza.

"Mimi," nikasema.

"Shahidi mmoja mwanamke hatoshi," mama akasema, na akarudi kwenye mchele wake. Lakini nilimwona vidole vinakwenda mbio. Mama akiogopa, hufanya kazi haraka.

Nyumba ile lazima niieleze kidogo. Baba aliwahi kuwa na wake wawili. Mama ndiye mkubwa, na yule wa pili aliolewa nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Baba alijenga nyumba mbili zilizopeana mgongo, ua kwa ua, na ukuta mmoja katikati, na kwenye ukuta ule akatoboa mlango mdogo wa kupita yeye. Alikuwa mtu wa uadilifu mpaka unachoka naye. Leo huku, kesho kule, wala hakosei. Baada ya isha ungemwona anapita na mto wake wa kulalia kwapani na tochi yake kubwa mkononi, maana alisema mito ya wake zake yote miwili inamuuma shingo. Tochi ilikuwa moja. Msimu wa joto umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara, na tochi ilikuwa pale alipo baba. Kwa hiyo kwetu hata mwanga ulikuwa wa zamu. Sisi watoto tulikuwa tunaona kichekesho. Sikumbuki kama mama alicheka.

Baba alipofariki, na eda ilipokwisha, mlango ulifungwa. Una makomeo mawili, moja kila upande, na kila mmoja alilisukuma la kwake. Mama akapanga mitungi aliyopandia mirihani mbele yake kabisa, utasema anaziba tundu la panya. Hawakugombana. Sahani ya Idi ilikwenda na ilirudi, lakini ilizunguka uchochoro mzima mikononi mwetu, na hali ukuta ni mmoja. Yule mke wa pili sisi tulimwita Mama Mdogo, na tulikwenda kumsalimu kwa mlango wa mbele. Mama alijifanya hajui tulikotoka, kisha akauliza kwa mbali kabisa, "Leo kapika nini?" Yeye mwenyewe hakumwita kwa jina wala kwa cheo. Alimwita jirani. "Jirani leo kachelewa kuamka." "Jirani kikohozi chake hakijapona." Kwa mtu ambaye hana habari na jirani yake, mama alikuwa na habari nyingi sana.

Mama Mdogo hakujaaliwa mtoto. Hilo nalitaja kwa sababu katika kile kikao cha kaka hakuna aliyelitaja.

Jenereta tuliinunua upande wa Rusayl, katika duka moja la vifaa ambalo kaka alikaa nusu siku nzima akiuliza maswali mpaka muuzaji akaenda kusali na hakurudi. Ni jenereta ndogo, yenye magurudumu mawili na mpini, na ubora wake, kaka alisema, ni kwamba inakula vitu viwili. Inakula petroli, na inakula gesi ya mtungi, ule ule wa kupikia. Petroli ikikosekana kituoni, kuna gesi jikoni. Gesi ikikosekana, kuna petroli. Pikapu iliishia barabarani, na sisi tukaikokota jenereta uchochoroni juu ya magurudumu yake, ikigonga kila jiwe, na kila dirisha likatoa kichwa.

Somo la kwanza lilifanyika asubuhi ya Ijumaa uani. Kaka alivaa kofia ya jua na kueleza. Hapa tangi la petroli na valvu yake. Hapa bomba la gesi na mtungi wake. Hapa swichi ya kuchagua. Hapa choki, ya kuamshia injini baridi, hapa kamba ya kuvuta. Alieleza kwa muda mrefu hata kivuli kikahama. Mama alisikiliza na kusema "zain, zain", yaani vyema vyema, kila alipopumua kaka, na mimi ninamjua mama, akisema zain mara mbili ujue yuko kwingine kabisa.

"Haya, sasa weye," kaka akasema.

Mama akafunga kanga kiunoni. Akafungua valvu ya petroli. Akafungua mtungi wa gesi. Akavuta kamba, na kusema kweli aliivuta vizuri. Jenereta ikakohoa, ikaguna, ikatoa moshi mweusi, ikafa. Akavuta tena, ikafa tena.

"Mama! Umefungua zote mbili!"

"Naam. Si mmesema inakula vyote viwili? Nimeipa vyote viwili." Akatutazama mmoja mmoja. "Nimpe mmoja nimnyime mwengine? Si dhulma hiyo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kaka, ambaye hachekeshwi na kitu alichokigharamia, alianza upya habari za hewa na mchanganyiko na kabureta. Mama akasema zain. Ndipo nikamwambia, "Mama, ni wake wawili hawa. Hawakai chumba kimoja. Ni zamu."

Mama aliganda na kamba mkononi. Akaitazama mashine kwa jicho jipya kabisa.

"Kumbe ina zamu," alisema. "Si mngesema tangu mwanzo, mkatupotezea asubuhi yote. Mambo ya zamu mnifundishe nyie?"

Tangu siku hiyo hakukosea. Petroli akaiita mke mkubwa: ana harufu, ana kelele, asubuhi anataka kubembelezwa kwa choki, lakini akiamka ana nguvu na hachoki. Gesi akaiita mke mdogo: msafi, hanuki, anaamka mara moja, ila hana nguvu za mwenzake, na akiisha anaisha ghafla bila kuaga. Na sheria ya kuhama kutoka huyu kwenda yule, ambayo kaka aliieleza kwa maneno mia, mama aliifupisha. Kwanza unafunga petroli, unaiacha mashine imalize iliyobaki kooni mpaka inyamaze yenyewe, ndipo unageuza swichi na kufungua gesi. "Umuage mkubwa kwanza," alisema. "Ukienda kwa mdogo na harufu ya mkubwa bado mdomoni, ni ugomvi."

Kaka alisema huo si utaalamu. Lakini nilimwona anatikisa midomo, anaikariri.

Kosa la pili lilikuwa letu, na lilitokea siku hiyo hiyo. Moshi wa jenereta ni sumu, na hilo kaka alilisisitiza, na hapo nampa haki yake yote: unaua mtu usingizini bila hata kumkohoza. Lazima mashine ikae nje, mbali na madirisha. Basi kaka akapima kwa hatua kutoka dirisha la chumba cha mama, kutoka dirisha la jiko, kutoka mlango wa sebule, na mahali palipokuwa mbali na vyote pakawa chini ya ule ukuta wa katikati. Tukaisukuma pale, bomba la moshi likatazama ukutani, mama akaiwasha kwa petroli, mara hii ikanguruma vizuri, na sisi tukapiga makofi.

Sauti ikatoka upande wa pili.

"Enyi! Mnanifukiza kama nguo za harusi?"

Mama aliizima kabla sijageuka. Dirisha la Mama Mdogo liko juu kidogo tu ya ukuta ule. Tulimsahau kabisa, sisi tunaomsalimu kila Idi. Mimi na kaka tulitazamana kama watoto waliovunja kitu. Kisha mama alisogea ukutani, akasema bila kupaza sauti:

"Samahani, jirani. Watoto wamepima upande mmoja tu."

Hayo, kwa ninavyojua mimi, yalikuwa maneno ya kwanza kupita kwenye ukuta ule tangu baba afe. Mama akashika mpini, akaikokota jenereta mwenyewe hadi pembe ya mwisho ya ua, karibu na mlango wa uchochoroni, mahali ambapo moshi unatoka nje na hauendi kwa mtu. Baadaye tulimwekea bati juu, ili isinyeshewe.

Sikuamini kama mama ataitunza. Nilimdhania kama mimi, ambaye nina mashine ya mazoezi nyumbani ninayoanikia nguo. Kumbe sikumjua. Kila mwezi, akitoka kufagia ua, aliiwasha ikazunguka kidogo, mwezi huu petroli, mwezi ujao gesi, bila kumdhulumu mtu. Oili aliipima kwa kile kijiti chake, akakifuta kwa kipande cha kanga iliyochakaa, akakitazama rangi kama anayetazama mchuzi. Ilipofika wakati wa kubadilisha oili, alimpigia kaka simu kumwambia aje, na kaka alipochelewa alimpigia tena kumwambia asije, kazi imekwisha. Petroli iliyokaa sana aliimimina kwenye dumu akampa kaka atie gari yake, akatia mpya. Alikuwa na woga, hilo nililiona. Kila umeme ulipopepesa kidogo kwenye taa, aliacha alichokuwa akifanya na kuitazama taa. Sharti la kaka lilikuwa limemkaa kooni.

Siku moja tu alinitoa roho. Wanawake wa mtaani walikuja kuitazama jenereta, wakaisifu, ndogo, nzuri, haina kelele, mashallah na bila mashallah. Mama hakupendezwa na zile sifa zilizokosa mashallah. Walipoondoka nikamkuta anatoka jikoni na chetezo mkononi, makaa mekundu, ubani unafuka, anakwenda kuifukiza mashine kuitoa husuda. Mtungi wa gesi uko pale pale ubavuni. Nilipiga kelele ambayo nadhani waliisikia bandarini. Mama alisimama, akakitazama chetezo, akautazama mtungi, akarudi jikoni. Kutoka upande wa pili wa ukuta mtu alicheka huku akikohoa.

"Kasome sura ya Falaq tu, inatosha," sauti ilisema.

Mama alijifanya hakusikia. Lakini aliisoma Falaq, nilimwona midomo.

Basi nikawa nikienda kwa mama nasimama kidogo uchochoroni kabla ya kugonga, kwa sababu ya udaku wangu. Na mara moja, jenereta ikizunguka kwa jaribio lake la mwezi, niliyasikia mazungumzo haya.

"Leo mkubwa au mdogo?" Hiyo sauti ya Mama Mdogo.

"Mdogo."

"Nimejua. Mdogo ana adabu, hapigi kelele."

"Hana nguvu, ndiyo maana."

Wote wawili walicheka, kila mmoja upande wake. Niligonga mlango, na mama alifungua na uso mkavu kama wa hakimu.

Kaka naye alijinunulia jenereta kama ile ile kwa nyumba yake yenye geti. Hakutaka kuona petroli. Inanuka, alisema, inachafua mikono. Akawa anaiwasha kwa gesi tu, na petroli aliyoitia siku ya kwanza ikakaa humo humo. Mama alimwonya mbele yangu: "Unamnyima mkubwa zamu yake. Siku ukimhitaji atakutia aibu." Kaka akasema inshallah, kwa ile inshallah ya kumaliza mazungumzo.

Mvua ilikuja tena. Ilianza alfajiri, na umeme ukakatika asubuhi wakati bado watu hawajaenda kazini. Nilimpigia mama, simu haipatikani. Nilitoka na gari, na nilipofika chini ya mlima nikakuta wadi, lile bonde la mto mkavu, imejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanavuka barabara na kubeba matawi, na askari anarudisha watu. Nilikaa ndani ya gari nikitazama maji. Nitasema kweli, sikufikiria jenereta wala sharti. Nilifikiria sakafu ya bafu ya mama, ambayo inateleza. Nililia kidogo, kisha nikampigia kaka nimlaumu.

Kaka alikuwa bado kwake. Geti halifunguki, alisema. Geti lake la umeme, bila umeme, halijui nani ni nani. Jenereta? Gesi ilikwisha muda si mrefu baada ya kuiwasha, ghafla, bila kuaga. Petroli? Ilikuwa imeoza ndani ya tangi, inanuka kama rangi ya zamani, na mashine haiikubali. Kuna ufunguo wa kufungulia geti kwa mkono, lakini hajui aliuweka wapi. Alikuwa anafikiria kuruka ukuta.

"Ruka," nikamwambia.

Maji yalipungua baada ya adhuhuri, na alasiri tulikutana mdomoni mwa uchochoro wa mama, mimi na viatu mkononi, yeye na kanzu yake nyeupe iliyochanika gotini. Sikumuuliza kitu. Matope yalikuwa mpaka kifundo. Tulikuwa bado mbali na nyumba tulipoisikia, ile ngurumo ndogo ya sawasawa, na kaka alisimama akanishika mkono.

"Kaiwasha," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. Kaka yangu ni mtu wa vikao, lakini anampenda mama yake.

Tuliingia uani. Jenereta iko chini ya bati lake, kavu, inazunguka. Lakini ndani ya nyumba panka la kupepea limesimama. Friji kimya. Sebule giza. Tuliita mama, mama, na hakuna aliyejibu. Kaka aliingia chumbani, mimi nikakimbilia bafuni, na sakafu ya bafu ilikuwa kavu na tupu. Nikarudi uani nikasimama mbele ya mashine iliyokuwa inafanya kazi bila ya mtu, na ndipo nilipouona waya.

Ule waya mrefu wa manjano ulitoka kwenye jenereta, lakini haukwenda nyumbani. Ulivuka ua. Ulipita kati ya mitungi ya mirihani, ambayo ilikuwa imesogezwa huku na huku, na mmoja umevunjika. Na ulipita chini ya ule mlango mdogo wa ukutani, ambao ulikuwa wazi.

Tuliufuata. Mama alikuwa amekaa kwenye veranda ya Mama Mdogo, juu ya kiti cha plastiki, miguu juu ya kigoda, panka linampepea. Mama Mdogo alikuwa anamimina kahawa. Walitutazama kama watu waliokatizwa mazungumzo.

"Mmechelewa," mama akasema. "Na weye kanzu imefanya nini?"

Kaka alilifunika goti kwa mkono. "Mama, kwako giza!"

"Kwangu ilikuwa asubuhi mpaka adhuhuri. Sasa zamu yake. Dawa yake ya sukari inataka baridi."

"Ungezipa nyumba zote mbili kwa pamoja."

"Tulijaribu. Kwa mafriji mawili na mapanka mawili, mashine ilikohoa. Tukarudi kwenye zamu."

Kaka alikaa kwenye ngazi. Alitazama mlango, akatazama makomeo yote mawili, yaliyovutwa. "Nani aliyefungua?"

"Yeye," akasema mama.

"Yeye," akasema Mama Mdogo, wakati mmoja.

Mpaka leo hatujui. Komeo la upande huu huwezi kulifikia ukiwa upande ule, kwa hiyo wote wawili wamefungua, lakini kila mmoja anaapa kwamba alisikia komeo la mwenzake kwanza.

Nilikwenda kumsaidia mama na kikombe chake, na ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, akitazama mlango wala si mimi. "Weye ulikuwa mdogo. Usiku usio wa zamu yangu, umeme ukikatika, nilikuwa nnakaa gizani, na chini ya mlango ule naona mstari wa mwanga wa tochi. Nikisikia baba yenu na yeye wanacheka. Na usiku wa pili nnajua na yeye anauona mstari ule ule, kutoka kwangu." Alikunywa kahawa. "Leo asubuhi nimewasha, panka linazunguka, friji inaguna, nimekaa nimefurahi nimewashinda nyie na sharti lenu. Kisha nikautazama ule mlango."

Nikamimina kahawa nyingine kwenye kikombe kilichokuwa bado kimejaa.

Kaka, ambaye hajui kunyamaza, alisafisha koo. Nilijua anafungua kikao. Alisema sharti limetimizwa, alhamdulillah, ingawa bado kuna mambo ya kuzungumza, kwa mfano uchochoro, kwa mfano umri, na kwamba chumba kipo pale pale kwake ikiwa...

"Mkimchukua huyu," Mama Mdogo alisema, "mnichukue na mie. Nimeshazoea kumsikia akikohoa."

Kaka aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Nadhani aliwaona ndani ya nyumba yake, pande mbili za ukuta, wanampangia zamu. "Mtakaa hapa hapa," alisema.

"Kwani nilikuwa naomba ruhusa?" mama akasema. "Weye ndiye unaehitaji mahali. Geti limekutoa nje au umeliruka?"

Umeme ulirudi kabla ya magharibi. Kaka alifunga petroli, akaiacha mashine imalize kooni mpaka inyamaze yenyewe, taratibu kama alivyofundishwa. Mimi nikaanza kuukunja ule waya wa manjano.

"Wacha!" mama akapiga kelele kutoka upande wa pili. "Ukiutoa, upepo utafunga mlango. Mwenzangu hawezi kuzunguka uchochoro wote na matope haya."

Matope yalikauka siku nyingi. Ule waya bado umelala pale, kati ya mirihani, umepita chini ya mlango ulio wazi, na ncha zake zote mbili hazijachomekwa popote.